Mwaka mmoja na ndege ya rimoti: laki nane zangu zilivyoruka

Wiki hii peke yake watu watatu wameniuliza kama mchezo wa ndege za rimoti unamfaa mtu mzima mwenye mkopo kazini na watoto watatu nyumbani. Nawajibu ndiyo, ila msianze kama nilivyoanza mimi. Hapa naandika nilichonunua, kilichonisaidia na kilichonidanganya.

Nilinunua ndege ya kujifunzia ya povu gumu, mita 1.1 kutoka ncha ya bawa hadi ncha nyingine, propela yake ikiwa nyuma ya bawa badala ya puani. Chapa siitaji, maana ndege za muundo huu zinatengenezwa na kampuni kadhaa na zinafanana kama Noah za stendi moja. Propela kuwa nyuma ndiko kulikonivutia: mwanafunzi huanguka kwa pua, na iliyo puani ndiyo ya kwanza kuvunjika. Ukijumlisha rimoti, betri mbili, chaja, usafiri na ushuru, ilinitoka karibu laki nane. Kabla ya kulipa nilikwenda kuulizia habari za kibali kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, kwa kuwa vyombo visivyo na rubani vina kanuni zake hapa Tanzania. Ulizia mapema na wewe, usingoje mzigo uwe umeshafika forodhani.

Ndege ilifika baada ya wiki tano. Nafungua boksi, betri hazimo. Nikamtumia muuzaji meseji tatu kali, halafu nikalazimika kuomba radhi: tangu Aprili 2016 betri za lithiamu zinazosafirishwa peke yake haziruhusiwi kama mzigo kwenye ndege za abiria, na zangu zilikuwa zinakuja kwa njia ndefu. Zikachukua wiki sita nyingine.

Wiki hizo sita ndizo zilizoniokoa. Mpwa wangu, ambaye yuko chuo na ana majibu ya kila kitu, alinishauri nichomeke rimoti kwenye laptopu kwa waya na nijifunze kwa programu ya kuigiza urukaji. Niliona ni mchezo wa watoto. Usiku wa kwanza niliangusha ndege thelathini na kitu. Kila ukianguka unabonyeza kitufe, inakuja nyingine mpya, hakuna anayekudai. Nilikuwa nakaa saa moja kila usiku watoto wakishalala, na hadi betri zinafika nilikuwa nazunguka kiwanja na kutua mara nane kati ya kumi.

Programu ile ilinifundisha jambo moja ambalo bila hilo hutafika popote. Ndege ikienda mbali nawe, kulia kwako ni kulia kwake. Ikigeuka kukujia, kulia kwako kunakuwa kushoto kwake, na vidole vyako havijui. Hapo ndipo wanafunzi wengi huvunja ndege. Dawa yake, ndege ikiwa inakujia, ni kutowaza kulia wala kushoto: angalia bawa lipi limeshuka, kisha sukuma kijiti upande wa bawa hilo, kama mtu anayeliegemezea nguzo lisianguke. Baada ya wiki mbili mkono unafanya wenyewe.

Yapo ambayo laptopu haikunifundisha. Haina jua la machoni. Haina jasho linaloteleza kwenye vijiti. Haina ule moyo kudunda ndege ikifika mita mia moja na hujui kama inakuja au inaondoka.

Tunarukia Kigamboni, ndani kabisa kuelekea Kimbiji, kwenye viwanja ambavyo wenyewe hawajajenga. Tunafika saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Ikigonga saa tatu upepo wa baharini unaamka, na majira ya kusi hata saa mbili si salama kwa mgeni. Ndege ya gramu mia tisa hivi haina ubishi na upepo. Utaiona pua inatazama mbele huku mwili unarudi nyuma taratibu.

Sasa habari ya jairo. Ndege hizi zina kifaa ndani kinachohisi zinavyolala na kuzinyoosha zenyewe. Kuna ngazi tatu unazochagua kwenye rimoti: ya kwanza haikuruhusu kulaza bawa kupita kiasi, ya pili inakulegezea, ya tatu inakuachia mwenyewe. Juu ya hayo kuna kitufe cha dharura. Ukichanganyikiwa, ukikishika, ndege inanyoosha mabawa na kuinua pua kidogo. Siku ya kwanza nilikishika mara kumi na mbili na nikarudi nyumbani na ndege nzima. Nikamwambia mke wangu najua kurusha ndege. Nilikuwa sijui. Jairo ndiyo iliyokuwa inajua.

Jumamosi ya tatu ndipo hilo likaonekana. Nilikuwa narudi kutua, chini chini, ndege ikaanza kuvutwa na upepo kuelekea mnazi uliobaki peke yake pembeni ya kiwanja. Badala ya kugeuza, nikafanya nilichozoea: nikashika kitufe. Ndege ikatii vizuri sana. Ikanyoosha mabawa sawasawa kama msahafu uliofunguliwa, ikainua pua kidogo, ikaenda moja kwa moja kujipachika katikati ya makuti. Kitufe kinajua mabawa yamelala au yamenyooka. Mnazi hakiuoni.

Kijana mmoja akakimbia kumwita mkwezi, mzee mwembamba mwenye kamba begani.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba. Hilo dege lako lilipanda kutafuta nini, dafu?”

Akataka elfu tano, na sharti kwamba madafu atakayoshusha niyanunue yote. Nikakubali, ningefanyaje. Alipanda bila haraka, akaangusha madafu kwanza, kumi na moja nilihesabu, kisha akaifunga ndege kiunoni mwake na kuishusha kama mtoto mchanga. Ncha ya bawa la kushoto ilikuwa imekatika na propela imepasuka. Bawa niliunga kwa supa gluu nikiwa palepale juu ya boneti ya gari. Tahadhari: povu la ndege hizi linaikubali gundi hiyo, lakini lile jeupe la kufungia televisheni linaliwa nayo likabaki tundu, kwa hiyo kama hujui lako ni lipi jaribu kwanza kwenye kipande.

Tangu siku hiyo mpwa wangu alibandika selotepu juu ya kitufe cha dharura. Nilikasirika, na alikuwa sahihi.

Betri zinahitaji adabu kuliko ndege yenyewe. Yangu ni ya seli tatu, kila seli ikijaa inafika volti 4.2, na inanipa dakika nane hadi kumi hewani. Usiichaji ukaenda msikitini au sokoni, kaa nayo, na iweke mbali na godoro. Kama hutaruka wiki hiyo, iache karibu volti 3.8 kwa kila seli, usiihifadhi ikiwa imejaa. Mimi niliacha moja imejaa ndani ya gari, juani, mchana wa Februari wa Dar es Salaam. Jioni nilikuta imevimba kama andazi. Elfu sabini ikaenda, na niliiweka uani kwenye ndoo ya mchanga usiku kucha bila kupata usingizi wa maana.

Mwezi wa sita nikanogewa, nikanunua helikopta ndogo, gramu hamsini tu, ya panga moja juu na kapanga kadogo mkiani. Zipo zenye mapanga mawili yaliyopandana, yakizunguka kinyume. Hizo zinatulia zenyewe, na kwa maoni yangu utazichoka kwa siku nne. Hii ya panga moja ni mwalimu mkali. Ndege ukiiacha inaendelea kwenda. Helikopta ukiiacha inatafuta ukuta. Karibu na sakafu upepo wake mwenyewe unairudia kutoka chini na inayumba kama imelewa, kwa hiyo kinyume na unavyodhani, ni rahisi kuituliza ikiwa usawa wa kifua kuliko usawa wa kiatu.

Nilijifunzia sebuleni, mkia ukinielekea, kisha ubavu, kisha pua. Hatua ya pua kunielekea ilinichukua miezi miwili, hata kwa mtu aliyekwishazoea ile habari ya kuegemeza nguzo, kwa sababu hapa hakuna bawa la kutazama. Siku niliyoweza kuituliza pua ikinitazama kwa kama dakika nzima, mke wangu aliingia, akaona joto, akawasha pangaboi. Helikopta ilishushwa kama imepigwa kofi, ikaburuta pazia, ikamalizikia kwenye beseni la mchele uliokuwa unachambuliwa. Hakuna aliyeumia. Mchele ulichambuliwa upya, na mchambuaji nilikuwa mimi.

Faida yake niliiona niliporudi Kimbiji. Makosa ya vidole yalikuwa yamepungua ukubwa: zamani nilisukuma kijiti hadi mwisho kisha nikajuta, sasa nilikigusa tu. Nikaiweka ndege ngazi ya tatu, jairo haisaidii tena. Ikaruka tofauti kabisa, nyepesi, ikikaa pale unapoiacha, hata kama ulipoiacha ni pabaya. Mwewe mmoja akashuka kuichungulia, akazunguka nayo mara mbili, akaona haina nyama. Nilipotua ilidunda mara mbili na kulala ubavu kwenye nyasi, na mpwa wangu hakusema kitu, jambo ambalo kwake ni pongezi.

Ningekuwa naanza leo, programu ya laptopu ningeinunua kwanza kabla ya ndege, ndege ningeichukua ileile, na ngazi ya kwanza ya jairo ningeiaga baada ya wiki mbili tu. Helikopta ningeisubirisha mpaka niweze kutua kwa ndege bila msaada. Anayemnunulia mtoto wa chini ya miaka kumi asijidanganye: atakayerusha ni baba. Na propela za akiba agiza nne, si mbili, maana mzigo wa pili nao ni wiki tano.