Redio ya Becker katika Mercedes W123: kuifufua badala ya kuing'oa

Huduma ninayoitathmini hapa ina kazi moja: mafundi huichukua redio iliyokuja na gari kutoka kiwandani, huifungua, hubadilisha vipuri vilivyochoka, kisha huiwekea njia ya kupokea muziki na simu kwa Bluetooth bila kuugusa uso wake. Nilipeleka Becker Europa ya Mercedes W123 ya 1982 katika karakana ndogo ya mafundi wa redio jijini Nairobi, na baada ya kuitumia redio hiyo mjini na katika safari ndefu, naona kwamba mwenye gari la aina hii hupata faida kubwa zaidi hapa kuliko kwa kununua redio mpya iliyoundwa kuigiza umbo la zamani. Hata hivyo, zipo sehemu za kazi hii ambazo mteja anapaswa kuzisimamia mwenyewe.

W123 ilianza kutengenezwa mwishoni mwa 1975 na ikaendelea hadi 1986, na jumla ya magari yaliyotoka kiwandani ni takriban milioni 2.7. Katika miaka hiyo redio za Becker ndizo zilizozoeleka kwenye dashibodi za Mercedes: Europa, Grand Prix na Mexico. Kampuni hiyo ilianzishwa na Max Egon Becker mwaka 1945, na modeli ya kwanza ya Mexico, ya 1953, ilijipatia sifa kwa kuweza kutafuta kituo yenyewe. Europa ilikuwa redio ya kawaida zaidi, yenye kifundo cha kuzungusha kila upande, vitufe vya vituo katikati, na kioo chenye namba za masafa ambacho mshale hupita nyuma yake. Ukiketi kwenye kiti cha dereva usiku, taa zikiwa zimewashwa, unaona jinsi redio hiyo inavyokaa pamoja na mita za gari kama vitu vilivyochorwa na mkono mmoja. Ndiyo maana huniuma kuona W123 nzuri ambayo mtu ameipanua nafasi ya redio kwa tupa, akakata na pambo la mbao, ili aingize redio yenye taa za buluu zinazometameta. Redio hiyo itaharibika baada ya miaka michache, lakini mbao iliyokatwa haitarudi.

Zipo njia nyingine, na nilizipima kabla ya kuamua. Inayovutia kuliko zote ni Blaupunkt Bremen SQR 46 DAB, ambayo ilitolewa mwaka 2020 kwa umbo la redio ya kampuni hiyohiyo ya miaka ya 1980, ikiwa na Bluetooth na nafasi ya USB. Ni chombo kizuri, na anayeishi Ujerumani au Uingereza atakifurahia kwa sababu huko matangazo ya DAB, yaani redio ya kidijitali, yameenea sana. Kwetu Kenya na Tanzania hatuna matangazo ya kawaida ya mfumo huo, kwa hiyo sehemu ya bei, ambayo huko Ulaya ni yuro mia kadhaa kabla ya usafirishaji na ushuru, inalipia kitu ambacho hakitatumika. Kwa upande wa bei nafuu kuna redio zilizotolewa kwenye magari ya Japani, lakini nyingi kati ya hizo zilitengenezewa FM ya kule, iliyokuwa ikianzia megahezi 76 na kuishia 90. Capital FM ya Nairobi iko 98.4, na redio hizo hazifiki huko bila kifaa cha kubadili masafa, ambacho nacho hupunguza ubora wa sauti. Vile vijitransmita vinavyochomekwa kwenye tundu la kiberiti na kurusha muziki wa simu kwa FM hufanya kazi na Becker kwa kuwa ina FM yake, ila katika jiji lililojaa vituo kama Nairobi ni vigumu kupata masafa yaliyo wazi, na hata ukiyapata mtaa huu, mtaa unaofuata kuna kituo kinayafunika.

Sasa kazi yenyewe. Redio ya miaka 40 haipaswi kuongezewa kitu chochote kabla haijatengenezwa, na karakana hii ililisimamia jambo hilo tangu mwanzo. Walibadilisha kapasita za elektroliti, vipuri vidogo vya kuhifadhi umeme, ambazo hukauka ndani kadiri miaka inavyopita, zikaacha sauti ikiwa nyembamba na yenye mvumo. Walisafisha kifundo cha sauti, ambacho kwa kawaida hukwaruza kila kinapozungushwa kwa sababu ya vumbi na kutu kwenye njia yake ya kaboni, wakabadilisha pia taa ndogo ya nyuma ya kioo. Hapo ndipo walipofikia Bluetooth. Ndani ya redio, ishara ya sauti inayotoka kwenye kipokezi hupita kwenye kifundo cha sauti kabla ya kufika kwenye kikuza sauti. Fundi huikata njia hiyo mahali hapo, akaweka swichi ndogo: upande mmoja ni kipokezi kama kawaida, upande wa pili ni moduli ya Bluetooth. Kwa mpangilio huo muziki wa simu hupita kwenye kifundo kilekile na kikuza sauti kilekile, na kituo cha FM hakisikiki kwa mbali chini ya wimbo wako. Katika redio ya mono kama hii, yaani yenye njia moja tu ya sauti, ishara za kushoto na kulia zinapaswa kuunganishwa kupitia vizuizi vya umeme, kizuizi kimoja kwa kila upande, kwani kuzifunga pamoja moja kwa moja huifanya moduli ijipinge yenyewe. Niliomba kuona kazi hiyo kabla kifuniko hakijarudishwa, na ulehemu wao ulikuwa safi.

Jambo ambalo mafundi wengi hulipuuza, na ambalo huharibu kazi iliyofanywa vizuri katika kila kipengele kingine, ni umeme wa hiyo moduli. Ukiipa umeme kutoka waya uleule wa redio huku ishara yake pia ikishiriki ethi ya redio (njia ya umeme kurudi kupitia bodi la gari), utasikia mluzi unaopanda na kushuka kadiri unavyokanyaga mafuta, kwa sababu makelele ya alteneta, mashine inayozalisha umeme wa gari, yanapata njia ya kuingia kwenye sauti. Dawa yake ni kibadilisha umeme kidogo ambacho ethi ya upande wa kutoa imetenganishwa kabisa na ya upande wa kuingiza. Redio yangu ilirudi mara ya kwanza ikiwa na mluzi huo. Mafundi hawakubisha, waliipokea, wakaweka kibadilisha umeme cha aina hiyo, na kelele ikaisha. Ushauri wangu ni kwamba redio isipokelewe ikiwa imejaribiwa mezani tu. Ijaribiwe ndani ya gari, injini ikiwaka, taa kubwa na waipa zikifanya kazi, na sauti ya simu ikiwa chini, maana hapo ndipo kelele hujitokeza.

Kuna faida nyingine ya njia hii ambayo haionekani kwa macho. Vikuza sauti vya redio za kisasa huendesha waya zote mbili za kila spika, wala hakuna hata mmoja unaoruhusiwa kugusa bodi la gari. Katika magari mengi ya zamani, upande mmoja wa spika umefungwa kwenye bodi au umeunganishwa na spika nyingine. Anayechomeka redio mpya kwenye nyaya hizo anaweza kuiunguza siku hiyohiyo, na akitaka kuepuka hilo lazima apitishe nyaya mpya hadi nyuma. Becker iliyofufuliwa inarudi kwenye nyaya ilizozaliwa nazo.

Nguvu yake ni ya wati chache, na anayetaka besi ya kutikisa vioo hatairidhia. Kwa mazungumzo, habari, taarabu na rumba inatosha kabisa, ilimradi spika ziwe nzima. Spika za karatasi zilizo kwenye dashibodi hupigwa na jua kila siku, na karatasi ile hukauka ikapasuka pembeni. Nilizibadilisha kwa spika za inchi nne zenye kina kifupi, na nakiri wazi kwamba tofauti iliyoletwa nazo ilikuwa kubwa kuliko ya kapasita zote. Mwenye fedha kidogo aanze na spika. Baada ya hapo aitazame antena: ile ya kupanda yenyewe ina kamba ya plastiki yenye meno ambayo hukatika, na wanaoishi pwani, ambako chumvi haina huruma, wakague pia mahali inaposhikana na bodi, maana kutu ikiingia pale ethi ya antena hupotea na FM huanza kukwaruza.

Barabarani kuelekea Mombasa ndipo nilipoithamini kazi hii zaidi. Europa haina uwezo wa kufuata kituo kimoja kutoka masafa haya hadi yale, kwa hiyo zamani safari ilikuwa ni kuzungusha kifundo kila mara huku macho yakitoka barabarani. Sasa nabonyeza swichi iliyofichwa chini ya dashibodi na simu inachukua nafasi.

Sehemu iliyoniridhisha kidogo kuliko zote ni simu ya kupigiwa. Maikrofoni iliwekwa karibu na redio, chini mno, na anayezungumza nami akawa anasikia injini ya dizeli kuliko sauti yangu. Ilibidi ihamishiwe juu, karibu na kioo cha kutazamia nyuma, na waya wake upitishwe kwenye nguzo ya kioo cha mbele. Ni vyema jambo hili likubaliwe kabla kazi haijaanza, kwa kuwa kulirekebisha baadaye kunatozwa peke yake.

Nililipa shilingi 16,000 za Kenya kwa matengenezo na Bluetooth pamoja, bila kuhesabu spika wala antena. Dhamana ni ya miezi sita, na inahusu kazi ya ndani ya redio pekee. Omba pia mchoro wa mahali walipokata na kuunganisha, pamoja na vipuri vyote vilivyotolewa. Mimi nilipewa vyote viwili kwenye bahasha bila kubembeleza, na nimevihifadhi pamoja na kitabu cha gari, ili fundi atakayeifungua redio hiyo baadaye ajue pa kuanzia na aweze, akitaka, kuirudisha kama ilivyotoka kiwandani.