Nikon Monarch M5 au Vortex Diamondback HD? Uzoefu wangu na ndege wa Arusha

Kama umejipanga na laki tano hadi laki nane na unataka darubini ya kuangalia ndege, chukua 8x42. Usikubali muuzaji akupandishe kwenye 10x42 kwa sababu tu "inavuta zaidi". Nimetumia Nikon Monarch M5 na Vortex Diamondback HD, zote 8x42, moja yangu na nyingine ya mwenzangu ambaye tunaongoza watalii pamoja, na tumekuwa tukibadilishana tukiwa porini. Zote mbili ni nzuri kweli. Mimi nimebaki na Nikon, na sababu kubwa ni miwani yangu.

Kwanza hilo la 8 na 10. Namba ya mbele ni mara ngapi ndege anakuzwa. 42 ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. Gawanya 42 kwa 8 unapata duara la mwanga la milimita 5.25 linalofika jichoni. Kwa 10 linashuka hadi 4.2. Msituni Ziwa Duluti, pale Tengeru, alfajiri jua likiwa bado halijapenya majani, mwanga huo wa ziada ndio unaokuonyesha kama kifua cha ndege ni cha kijivu au cha kahawia. Tena 10x inakuza na mtikisiko wa mkono.

Wengi huniambia 10x ina faida yake kwenye nyanda za wazi, mathali Engikaret kwenye barabara ya Namanga, tunakokwenda kumtafuta kipozamataza wa Beesley. Ni ndege mdogo, adimu, mwenye rangi ya udongo anaoukanyaga, na hutembea chini badala ya kuruka. Saa moja asubuhi nakubali, 10x inasaidia. Lakini ikifika saa nne ardhi imeshika joto, mazigazi yanaanza kucheza juu ya majani, na kukuza zaidi ni kukuza mazigazi. Hapo mwenye 8x anaona sawa na mwenye 10x, na mkono wake umetulia.

Sifa ya Diamondback HD ni upana. Kwa umbali wa mita 1,000 inakuonyesha eneo la mita 131, wakati Monarch M5 inaonyesha mita 112. Ukisoma kwenye boksi utaona ni kitu kidogo, ila msituni ndege yuko mita 20 kutoka ulipo na hatulii. Chozi anaruka ua hadi ua, na kwa Vortex unamfuata bila kushusha darubini. Hondohondo wakitua kwenye mtini unawaona dume na jike kwa pamoja, unalinganisha pembe kubwa juu ya mdomo wa dume na ile ndogo ya jike. Inafokasi pia kwa karibu sana, mita 1.5, Nikon ikiwa mita 2.5. Kwenye njia ya kuzunguka Duluti mdiria mdogo anaweza kukaa kijitini hatua chache tu kutoka ulipo, na wageni wanaopenda vipepeo na kerengende huomba Vortex moja kwa moja. Kwa mtu asiyevaa miwani na anayeshinda msituni, ningemwambia anunue hiyo.

Nikon inaniteka moyo kwenye rangi. Ndani yake kuna kioo cha ED, ambacho hupunguza ule ukingo wa zambarau au kijani unaojitokeza ndege akiwa mbele ya anga jeupe. Kwazi amekaa juu ya mti mkavu, kichwa cheupe, mawingu nyuma yake: mstari wa kichwa unabaki safi. Maziwa ya Momella, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha, ndiyo kipimo changu. Heroe, au flamingo kama wengi tunavyowaita, wakiwa mbali na maji yanamulika, unatakiwa kutazama mdomo. Heroe mdogo ana mdomo mwekundu uliokolea hadi kukaribia weusi. Mkubwa ana mdomo wa waridi wenye ncha nyeusi. Nikiwa na Monarch namwambia mgeni ni yupi bila kusitasita.

Sasa miwani. Kila darubini ina umbali ambao jicho linaweza kukaa nyuma ya lenzi na bado likaona duara zima. Monarch M5 inatoa milimita 19.5, Diamondback HD milimita 17. Hizo 17 zinawatosha wengi wenye miwani, lakini yangu ni minene na inakaa mbali na uso. Kwa Nikon nazungusha vile vikombe vya mpira vya machoni hadi vishuke, na naona hadi ukingoni. Mita 131 hazinisaidii kitu kama pembeni sizioni. Ipo Monarch M7 8x42 inayoonyesha mita 145, ila bei yake inaruka nje kabisa ya bajeti hii.

Uzito usikusumbue, zote zimepita gramu 600 kidogo. Maji vilevile: Nikon imejazwa gesi ya naitrojeni, Vortex gesi ya agoni, kwa hiyo ukitoka kwenye baridi ya Meru hazipati ukungu ndani. Vumbi ndilo adui wetu. Usipanguse lenzi kwa fulana hata siku moja, kwani zile chembe zinakwaruza utando. Puliza kwanza, pitisha brashi laini, kitambaa baadaye.

Vortex wana dhamana ya maisha isiyodai risiti na inayohamia kwa mmiliki mpya. Kwa waongoza watalii hilo ni kubwa, maana wengi wetu hupata darubini kwa mgeni anayeondoka. Uliza tu mapema gharama ya kuituma.

Zile za mitaani zenye lenzi nyekundu na maandishi ya 30x60 ziache. Wekundu huo unarudisha nje mwanga mwekundu, na ndege wako anabaki na ukijani asioumbwa nao.

Ukifika dukani, omba utoke nayo mlangoni. Fumba jicho la kulia, fokasi kwa gurudumu la katikati ukitazama maandishi ya mbali. Halafu fumba la kushoto, rekebisha kwa pete ya jicho la kulia. Fumbua yote mawili uangalie nguzo ya umeme kwa dakika moja nzima. Macho yakivutana, au nguzo ikawa mbili, mrudishie muuzaji na uombe nyingine.