Meshroom kwa nyumba za Mji Mkongwe: uzoefu wangu

Tangu Beit al-Ajaib, jumba la mwaka 1883, liporomoke upande mmoja Desemba 25, 2020 na kuua watu, nimekuwa nikitafuta njia ya kuichunguza nyumba yetu ya urithi hapa Unguja. Nimetulia na Meshroom. Ni programu ya bure: unaipa picha za kawaida, hata za simu, nayo inajenga umbo la 3D.

Mlango wa nakshi umenifurahisha mno. Mnyororo uliochongwa kwenye mwimo, misumari ya shaba, hata ufa mwembamba wa kwenye mfaa, ule ubao wa katikati ya mlango, vyote vimetoka. Seremala alilikuza umbo kwenye skrini akanionyesha ubao ulipobonyea, juu mno kwa macho yetu.

Kuta zina kazi. Ukuta uliopakwa chokaa upya ni mweupe mtupu, programu haipati cha kushika, umbo linatoka na matundu. Ukuta wenye madoa na plasta iliyobanduka hadi mawe ya matumbawe unatoka vizuri zaidi. Kila picha irudie zaidi ya nusu ya iliyotangulia, na kwa vichochoro vyetu, ambako huwezi kurudi nyuma, ukuta mmoja unakula picha nyingi sana. Chagua siku ya mawingu.

Umbo halijui vipimo mpaka ulipatie. Naegemeza ubao wa mita 1 ukutani, uonekane kwenye picha, kisha napimia huo. Hivyo ndivyo nilivyothibitisha kwamba ukuta wa nyuma umetoka tumbo, palepale ulipopigwa plasta ya saruji zamani. Saruji haipitishi unyevu, chokaa ya ndani inalegea. Sasa kila masika yakiisha napiga picha upya, nalinganisha. Kwangu hii ndiyo faida kubwa, kuliko uzuri wa picha.

Gharama iko kwenye kompyuta: bila kadi ya michoro (graphics card) ya kampuni ya NVIDIA hupati umbo kamili. Kazi huchukua usiku kucha, ila umeme ukikatika hatua zilizokamilika hazipotei.

Skana za leza, yaani mashine zinazopima umbo kwa mwanga, kama zilizotumiwa na Zamani Project, mradi wa Chuo Kikuu cha Cape Town wa kurekodi majengo ya urithi, kule Kilwa Kisiwani, zina usahihi zaidi, lakini familia gani itazimudu? Nyota 4 kati ya 5. Na picha zako za asili usizifute. Programu bora ikija, utaanzia hapo.