Google Docs katika kazi ya kikundi ya usanifu wa mafunzo

Kikundi chetu cha wanachuo kilipopewa kazi ya kusanifu somo la mtandaoni la huduma ya kwanza kwa walimu wa shule za msingi, tulikubaliana kuandika kila kitu, kuanzia uchambuzi wa mahitaji ya walengwa hadi maswali ya tathmini, ndani ya Google Docs, programu ya kuandika hati pamoja mtandaoni, ambayo mwenye akaunti ya kawaida ya Google huitumia bila malipo.

Kilichonivutia zaidi ni hali ya mapendekezo, ambamo mabadiliko ya mwenzako huonekana kwa rangi bila kufuta maandishi ya awali, mpaka yakubaliwe au yakataliwe. Katika usanifu wa mafunzo jambo hili lina uzito mkubwa, kwa sababu lengo likihama kutoka kueleza namna ya kufunga jeraha hadi kulifunga kwa vitendo, maswali ya kuchagua jibu hayatoshi tena, na mwenye sehemu ya tathmini anapaswa kulijua badiliko hilo mapema. Maoni ya pembeni nayo yanaweza kukabidhiwa mtu kwa jina.

Historia ya matoleo huonyesha nani aliandika nini na lini, na kwa kweli ilimaliza mabishano ambayo vikao havikuyaweza. Haimlazimishi mzembe kufanya kazi, lakini humnyima kisingizio.

Matumizi bila intaneti huhitaji kuandaliwa mapema, na majedwali mapana ya mpangilio wa skrini, yaani yanayoonyesha kitakachoonekana kwenye kila skrini ya somo, yanafaa kompyuta kuliko simu. Kwa kikundi kidogo chenye mhariri mmoja wa mwisho, naipendekeza Google Docs.