Miezi mitatu ya kusomea injini ndogo: fila geji imenilipa kuliko cheti

Nilikwenda chuo nikiwa tayari fundi. Ndivyo nilivyojiita. Miaka minne nimefungua pampu za wakulima wa vitunguu Ruaha Mbuyuni, na kule msimu ukikolea pampu hailali. Ikizima mchana unafuatwa hata kama una tonge mkononi. Ufundi nilifundishwa chini ya mwembe: osha kabureta, vuta kamba, shika tochi. Kaka aliposema nilipe laki tatu na nusu nikakae darasani Morogoro miezi mitatu, nilicheka.

Chuo chenyewe ni cha binafsi, jina naliacha.

Siku ya kwanza ya vitendo mwalimu aliweka mezani injini ya sisi (cc) 163, hizi ndogo za petroli zinazofungwa kwenye pampu, akauliza kwa nini haiwaki. Nikarukia kabureta. Akanirudisha kwenye kiti. Cheki oili kwanza, akasema. Oili ilikuwa chini, na sensa ya oili ilikuwa imekata moto. Nilijisikia vibaya, maana mtaani waya wa sensa ile tunaukata tu. Injini inawaka, mteja anashukuru, halafu baada ya wiki kadhaa anairudisha kwenye toroli, konrodi imeng'ang'ania kranki, haizunguki tena.

Somo lililolipa ada yangu yote ni la tapeti, ile nafasi ndogo kati ya vavu (mlango wa hewa na moshi) na roka, mkono unaoisukuma. Nilikuwa naziseti kwa kuchezesha roka na kidole. Kumbe injini ile ikiwa baridi inataka milimita 0.15 upande wa kuingiza na 0.20 upande wa moshi, pistoni ikiwa juu na vavu zote mbili zimefunga, na unapima kwa fila geji, vile vibati vyembamba vilivyokunjwa kama kisu cha mfukoni. Tapeti zikibana, vavu haifungi sawasawa, kompresheni inavuja, injini ikishapata joto inagoma kuwaka. Sisi tulikuwa tunamwambia mkulima ringi za pistoni zimekwisha. Nimewauzia watu ringi ambazo hawakuzihitaji, na baadhi yao nasali nao.

Oili nayo. Injini mpya inamwagwa oili baada ya saa 20 za kazi, kisha kila saa 100. Pampu ya vitunguu inayofanya kazi saa kumi kwa siku maana yake oili ya kwanza ni siku ya pili, na baada ya hapo kila siku kumi. Nikiwaambia wateja wangu wananiona nina hisa kwenye duka la oili.

Sasa lawama. Tulikuwa kumi na wanane kwa injini tatu, kwa hiyo siku nyingine unashika spana dakika kumi, muda uliobaki unatazama mgongo wa mwenzako. Injini za kuchanganya oili na petroli zilipewa nusu siku. Dizeli hakuna kabisa, wakati pawatila, vile vitrekta vya kuongoza kwa mikono, zimejaa Mbarali na zinatafuta mafundi. Halafu wiki ya pili tukadaiwa elfu sitini ya "vifaa vya vitendo" ambayo haikuwa kwenye fomu. Nyota tatu kwa tano, na ya tatu ni ya yule mwalimu.

Kuhusu cheti, sikilizeni vizuri. Tulichopewa ni cheti cha chuo chenyewe cha kuhudhuria kozi fupi. Wengi wetu tulidhani ni kile cha taifa, cha ufundi stadi, chenye ngazi ya kwanza hadi ya tatu. Sicho. Na kama umejifunzia mtaani kama mimi, VETA, mamlaka ya ufundi stadi, wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi: unapimwa kile unachokijua tayari, unapewa cheti. Ningejua mapema ningeanzia huko, darasani nikaenda kwa mapengo tu. Kabla hujalipa senti, muulize mtu wa mapokezi: cheti kinatolewa na nani, na mtihani unasimamiwa na nani? Akianza kuzunguka, ondoka.

Hata hivyo karatasi ile ilinifungulia mlango mmoja. Kuna jamaa wanakodisha mashine za ujenzi, kompakta za kushindilia udongo na vaibreta za zege, walikuwa wanatafuta fundi wa kuanzia. Msimamizi aliitazama kama anavyotazama risiti, akaiweka chini ya kikombe chake cha chai, akanionyesha kompakta kwenye kona. "Hiyo asubuhi inawaka, ikipata moto inagoma. Wenzako wawili wameshabadilisha ringi."

Nikamwambia asubiri ipoe, mimi nachukua fila geji kwenye begi.