Siku sita Java: kijiji nakipa nyota tano, wakala nampa mbili

Wenzangu wa upatu hapa Magomeni wamenisumbua wiki mbili, kila mmoja anauliza kama hela niliyopeleka Java, kisiwa cha Indonesia, ilikwenda vizuri. Naandika mara moja, msome wote, halafu mniache nipike.

Mimi na dada tulilipa shilingi milioni 7.9 kila mmoja kwa wakala wa hapahapa mjini. Ndani yake kuna tiketi za ndege, usiku nne hotelini Yogyakarta, usiku mbili kijijini, na mahekalu mawili, Borobudur na Prambanan. Ndege sina la kusema, miguu ilivimba tu. Hoteli ni hoteli, shuka safi, chai nyepesi.

Kijiji ndicho nitakachokieleza. Kiko upande wa Magelang, jirani na Borobudur, kama kilomita 40 kutoka Yogyakarta. Mwenyeji wetu tulimwita Ibu, yaani Mama, na mumewe Bapak. Huko mtu mzima humwiti jina kavu, kama kwetu tu. Chumba kina godoro, chandarua na feni. Bafuni kuna hodhi la maji baridi na kata. Dada alisimama mlangoni akacheka mpaka akashika ukuta: "Tumepanda ndege mbili kuja kuogea kata!" Alfajiri adhana, majogoo, halafu ufagio wa njiti unakwangua uwanja. Ningefumba macho ningesema niko kwa shangazi Bagamoyo.

Ibu Kiingereza hajui, na changu ni cha kuombea maji. Jioni ya kwanza akaniuliza, "Apa kabar?" Mimi nikasikia habari, nikajibu nzuri. Kumbe ndivyo! Basi ukawa mchezo wa usiku kucha. Anagusa meza anasema meja, anashika karatasi anasema kertas, sabuni ni sabun, dunia ni dunia, na bendera ni bendera vilevile. Waarabu na Wareno walipita kwao na kwetu, wakaacha maneno yaleyale.

Sasa jikoni, maana ndiko ninakolia ugali wangu. Asubuhi ya pili Ibu alichemsha mihogo, akaitoa ule uzi wa katikati, akaitwanga ya moto kwenye kinu pamoja na sukari ya mnazi, ile ya kahawia inayokuja kama kidonge kikubwa. Nilimwomba mchi. Alinitazama mapigo matatu, akaona nautupa vizuri, akaniachia kazi akaenda kukuna nazi. Mbuzi hana, anaibandua nazi kwenye kifuu kwanza, kisha anaisugua kwenye ubao bapa wenye meno madogo. Nilihofia vidole vyake lakini alikuwa haangalii hata. Ule mhogo ukakandamizwa, ukakatwa vipande, ukanyunyiziwa nazi yenye chumvi kidogo. Unaitwa getuk. Nimeshaanza kuuza hapa Magomeni, shilingi 500 kipande, na watu wanarudi.

Kilichonishinda ni tempe. Ni soya iliyochemshwa na kumenywa maganda, ikapoa, ikachanganywa na chachu yake, ikafungwa kwenye majani ya mgomba kama siku mbili. Ukifungua unakuta ukungu mweupe umezishika punje zote zimekuwa mkate mmoja. Ukungu! Nimelelewa kutupa kitu cha namna hiyo. Ikikaangwa lakini, na pilipili, unasahau. Gudeg nayo, fenesi changa lililopikwa saa nyingi kwa tui na sukari, ni tamu mno kwa mboga. Dada alimaliza sahani mbili, kwa hiyo msinisikilize mimi.

Borobudur ndiko wakala alikoniudhi. Kupanda juu ya hekalu kunaruhusiwa watu wa idadi maalumu tu kwa siku, kwa zamu, na mwongozaji. Yeye alitukatia tiketi za uwanjani. Tumefika getini, za kupanda zimekwisha, tukazunguka chini tukitazama visigino vya wenzetu. Nilipompigia aliniambia, "Mama, hata kwa chini panaonekana." Tulirudi kesho yake kwa pesa yetu.

Nilipopanda, hasira ilipungua. Unapewa kandambili za kusuka kwa majani ya jamii ya mkadi, ili viatu visile mawe, na unaondoka nazo. Hekalu ni la Wabudha, la karne ya 8 na ya 9, ngazi tisa: sita za pembe, tatu za duara. Michongo ya ukutani ni 2,672, sanamu za Budha 504, na juu kabisa kuna vibanda 72 vya mawe vyenye umbo la kengele na matundu, ndani ya kila kimoja Budha amekaa kimya. Picha za juu mtaziona kwa kila mtu. Mimi nilikwama kwenye ukuta wa chini, mbele ya chombo.

Ni jahazi limechongwa na matanga yake, mabaharia wamening'inia kwenye kamba, na pembeni lina matengo, yale magogo ya kuzuia chombo kisipinduke. Baba yangu alikuwa mvuvi wa Kunduchi. Ngalawa naijua kabla sijajua kusoma. Nilimwita dada, nikamwonyesha kwa kidole, akasema, "Hii ya baba." Wanahistoria wengi wanaona matengo ya ngalawa zetu asili yake ni vyombo vya watu wa visiwa hivyo. Na humohumo kwenye viwanja kuna jumba la makumbusho lenye meli iliyojengwa kwa kufuata michongo ile. Mwaka 2003 iliondoka Jakarta, ikapitia Ushelisheli, Madagaska na Cape Town, ikafika Accra mwaka 2004. Wakala hakuiweka kwenye ratiba. Tuliikuta kwa kutafuta choo.

Prambanan ni ya Wahindu, ya karne ya 9, na hekalu la Shiva peke yake lina mita 47. Jua kali, kofia muhimu. Hadithi yake inamhusu binti mfalme aliyemtaka mchumba wake ajenge mahekalu elfu kwa usiku mmoja. Majini wakamsaidia, yalipobaki kidogo binti akawaamsha wanawake watwange mpunga, majogoo wakadhani kumekucha. Mchumba akamgeuza jiwe. Mimi ninayetwanga saa kumi ya usiku kila siku sikuona kosa la yule binti.

Mkienda, ombeni usiku nne kijijini na mbili hotelini, na mwone tiketi ya kupanda kwa macho yenu kabla ya kulipa. Wakala alisema tumpelekee risiti ya zile tiketi tulizojinunulia atufidie. Nimempelekea. Jana alinijibu kwa alama ya dole gumba.