Mashine ya kurusha theluji nyuma ya Massey 135: uzoefu wangu wa majira mawili

Muuzaji aliniuliza swali moja tu: trekta yako ina nguvu za farasi wangapi? Nikamwambia ni Massey Ferguson 135, kwenye PTO, yaani ile shafti ya nyuma ya trekta inayozungusha mashine, inatoa farasi kama 37. Akaridhika, nikalipa, tukapakia. Sasa nimeitumia majira mawili ya baridi, na katika yote yaliyonisumbua, farasi hawamo. Swali alilopaswa kuniuliza ni hili: rivasi yako inakwenda kasi gani?

Kwa ambaye hajawahi kuiona, mashine hii inafungwa nyuma kwenye pointi tatu (mikono miwili ya chini na mmoja wa juu) kama plau, ila mdomo wake umeelekea nyuma, kwa hiyo kazi yote unaifanya ukirudi rivasi. Ndani ya mdomo kuna skrubu ndefu inayokokota theluji kutoka pembeni hadi katikati, halafu feni inaipokea na kuitema juu kupitia bomba. Ili iteme mbali, PTO lazima izunguke mara 540 kwa dakika, na kwenye 135 maana yake injini ikae kwenye mizunguko 1,700 hivi. Huwezi kupunguza mafuta ili uende polepole, kwa sababu feni ikilegea tu bomba linaziba. Mwendo wako unaamuliwa na gia peke yake, na matrekta ya enzi zile (135 ilianza kutengenezwa 1964) hayakupewa rivasi nyingi za kuchagua.

Yangu ina mbili. Ile ya juu isahau. Ya chini inakwenda kama mtu anayetembea bila haraka, na kwa theluji ya kufika kifundoni haina neno. Ikifika magotini, mdomo unajaa haraka kuliko feni inavyoweza kutema, theluji inaanza kumwagikia juu ya mashine, na injini inaguna.

Kilichoniokoa ni klachi. Hii 135 yangu ina klachi ya hatua mbili: ukikanyaga nusu, magurudumu yanasimama lakini PTO inaendelea kuzunguka, ukikanyaga hadi chini, vyote vinasimama. Basi kwenye theluji nzito narudi nyuma mdomo uume kidogo, nakanyaga nusu, nasikiliza mlio wa injini ukipanda tena feni inapomaliza kumeza, naachia, nauma tena. Baada ya saa mbili paja la kushoto linakuwa si lako. Lakini kazi inakwenda.

Mwenye trekta ya klachi ya hatua moja, kama Ford 8N, hana hiyo nafasi. Akikanyaga ili asimame, mashine nayo inasimama na mdomo umejaa, halafu anatakiwa kuiwasha na mzigo wote huo. Tena vyuma vinavyozunguka vinaweza kuendelea kuisukuma trekta kupitia giaboksi hata baada ya klachi kukanyagwa, labda afunge kile kifaa cha PTO kinachoruhusu mzunguko wa upande mmoja tu. Kama trekta yako ni ya namna hiyo na theluji yako ni ya kina, ningefikiria mara mbili kabla ya kutoa hela.

Siku ya kwanza nilijidhalilisha mwenyewe. Nimefunga kila kitu, nimeweka levo ya PTO, nimeongeza mafuta, mashine kimya. Nikajua nimeuziwa mzigo mbovu. Nikaingiza rivasi nijaribu kusogea, na skrubu ikaanza kuzunguka, kinyume! Inasukuma theluji pembeni badala ya kuikokota katikati. Kumbe levo ya PTO kwenye 135 ina sehemu mbili za kazi: moja inafuata injini, nyingine inafuata magurudumu. Nilikuwa nimeiweka kwenye ya magurudumu, kwa hiyo trekta ikisimama nayo inasimama, na ikirudi nyuma nayo inazunguka kinyumenyume. Ukikutana na hali hiyo usifungue giaboksi ya mtu. Sogeza levo.

Kufunga kwenyewe kulinichukua wikendi nzima. Pini za chini za mashine zilikuwa za kategoria ya pili (kategoria ni saizi ya vifungio), unene wa milimita 28, wakati mikono ya trekta yangu inapokea za kategoria ya kwanza, milimita 22. Pini ya toplinki, ule mkono wa juu, vilevile: 25 kwa 19. Ingekuwa pini ni nyembamba na tundu ni pana, ungevisha bushi, kijibomba cha kujaza nafasi, ukamaliza. Pini nene kwenye tundu dogo haina bushi, ilibidi nizing'oe na kuweka nyingine.

Halafu propela, ile shafti ya mabomba mawili yanayoingiliana inayounganisha PTO na mashine. Iliyokuja nayo ilikuwa ndefu mno kwa trekta fupi kama hii, na hapa naomba mtu asifanye haraka. Propela ikiwa ndefu kupita kiasi, bomba la ndani linafika mwisho wakati unanyanyua mashine, na nguvu yote ya haidroliki inakwenda kusukuma beringi za PTO ndani ya trekta. Niliipandisha na kuishusha taratibu, injini imezimwa, nikatafuta mahali ambapo shafti ya trekta na ya mashine zinakaribiana zaidi, nikapima hapo. Nikakata bomba la nje na la ndani kwa kipimo kilekile, na kava zake za plastiki pia, nikaacha nafasi ya vidole vitatu. Kisha nikahakikisha kwamba hata mashine ikishuka hadi chini, mabomba bado yameingiliana zaidi ya theluthi moja ya urefu wake. Piga tupa kingo zilizokatwa, paka grisi. Na kava zirudi mahali pake, maana propela ikishika koti la baridi haikupi muda wa kupiga kelele.

Kosa langu la gharama lilikuwa la bolti. Skrubu imeshikwa kwenye shafti yake kwa bolti laini, mimi naiita bolti ya kafara: ukigonga jiwe, inakatika yenyewe ili giaboksi isalimike. Januari ya kwanza zilinikatikia tatu asubuhi moja. Kwa hasira nikaingiza bolti ngumu niliyoikuta kwenye mkebe. Haikukatika tena, kweli. Gogo lililokuwa limefukiwa kwenye theluji lilipoingia, kilichokatika kilikuwa meno ya gia. Sasa nabeba bolti kumi za aina sahihi kwenye kopo chini ya kiti, na kabla ya theluji ya kwanza nazunguka uwanja wote nikiokota mawe na vipande vya waya. Viatu vya chini, vile vyuma ambavyo mashine inatelezea juu yake, pia nimeviteremsha ili ukingo wa mdomo ukae kama sentimita tatu juu ya changarawe.

Upana nilichagua futi 6, sentimita 183, na sijutii. Tairi zangu kutoka ukingo hadi ukingo ni sentimita 168, minyororo ikifungwa zinaongezeka kidogo, na mashine bado inafuta alama zake zote. Ya futi 7 ingeipa 135 kazi ya bure, na tayari hii ikiwa juu mbele kunakuwa kwepesi kiasi kwamba usukani hausikii. Nimefunga vyuma vya uzito mbele, na nikipita barabarani nashusha mwendo.

Theluji ya majimaji ndiyo adui. Inaganda ndani ya bomba kama uji wa jana, na kishawishi cha kuingiza mkono ni kikubwa. Nazima PTO, nazima injini, nangoja feni isimame kabisa, kisha natumia fimbo. Kupulizia silikoni ndani ya bomba kabla ya kuanza kunasaidia, ingawa si kwa siku nzima.

Nguvu ya kutema, pale theluji ikiwa kavu, inanifurahisha hadi leo. Inavuka uzio bila shida. Malalamiko yaliyobaki ni shingo, na kile kishikio cha kugeuzia bomba, ambacho kiko nyuma sana na kinahitaji mkono wa tatu, kwani mmoja uko kwenye usukani na mwingine umeshika kiti. Upepo ukibadilika ghafla, theluji yote inanirudia usoni kabla sijakifikia. Nimeshapima nafasi ya kuweka mota ndogo ya volti 12 pale.